Wageni 640, oda mbili

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tuna karakana ya samani hapa Keko, Dar es Salaam. Kijana wetu alitutengenezea tovuti akaiunganisha na Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti. Mwezi uliopita ilionyesha watumiaji 640, lakini mji unaoongoza si Dar, ni Ashburn! Wengi wao wameandikwa Direct. Oda tulizopata ni mbili tu, zote kwa WhatsApp. Mume wangu anasema mwakani tusiilipie. Tufanyeje?
Mama Makabati, Keko

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ashburn iko Virginia, Marekani, na imejaa majengo ya seva, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti, za Amazon zikiwemo. Wageni wa huko wanaofungua ukurasa mmoja na kutoweka papo hapo kwa kawaida si watu, ni programu zinazozunguka mtandaoni kusoma kurasa. Google huzichuja zile inazozitambua, nyingine hupenya. Mwambie kijana aichuje ripoti ibaki Tanzania tu. Namba itashuka na mzee atacheka, mwache acheke.

Hata hiyo itakayobaki usiihesabu kama vichwa vya watu. Mteja akichungulia kitanda kwa simu, kesho akakirudia kwenye kompyuta ya ofisini, kwa kawaida anahesabiwa wawili. Nanyi wenyewe mnaoifungua kila asubuhi kuona kama ipo, mmo humo. Miji nayo usiiamini sana: hukisiwa kutokana na anwani ya intaneti, kwa hiyo mtu wa Moshi anayetumia bando la simu anaweza kusomeka yuko Dar.

Sasa hiyo Direct, maana nadhani utamu wote umejificha humo. Google isipojua mgeni katokea wapi, humtupa kwenye kundi hilo. Linki inayobofywa ndani ya WhatsApp mara nyingi haibebi habari ya ilikotoka. Kwa hiyo wale mnaowarushia picha kwenye magrupu na status huenda ndio hao, na hamna namna ya kuwatambua. Dawa yake ni bure: kila linki mnayorusha WhatsApp iishie na ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social. Ya Instagram, badilisha jina la chanzo tu, whatsapp iwe instagram. Andikeni kwa herufi ndogo siku zote, maana Whatsapp na whatsapp zitahesabiwa vyanzo viwili tofauti.

Halafu acheni kuhangaika na idadi ya wanaoingia. Biashara yenu inafungwa kwenye WhatsApp, basi hesabuni wanaobonyeza kitufe cha WhatsApp. Analytics ya sasa inaweza kurekodi yenyewe mtu anapobofya linki ya kutoka nje ya tovuti. Kijana atengeneze tukio (ndivyo Analytics inavyoita kitendo inachokihesabu) la peke yake kwa linki zenye wa.me, yaani zile zinazofungua WhatsApp, kisha aliwekee alama kuwa ni tukio muhimu. Hapo mtajua waliobonyeza walikuwa wakitazama kabati, kitanda au meza ya chakula, na walitokea wapi. Kama ukurasa wa makabati unatazamwa sana na kitufe hakiguswi, mimi ningeanza kukagua bei. Imeandikwa? Watu wa mjini hawapendi kuuliza “bei gani?” wakajibiwa “njoo inbox”.

Akiwa humo kwenye mipangilio, abadilishe pia muda wa kutunza data. Ukiachwa ulivyo ni miezi 2, lakini unaweza kufika 14 bila kulipa. Bila hivyo, Desemba ijayo hamtaweza kuichambua kwa kina mkiilinganisha na hii.

Mteja akija, muulize aliwaona wapi, uandike kwenye daftari. Yupo aliyeiona tovuti akaja Keko kwa miguu, na huyo Google haimjui kabisa.

Kabla mzee hajaizima, mkae naye na kalamu: kwa mwaka mnalipa shilingi ngapi za jina la tovuti na seva, na zile oda mbili ziliacha faida kiasi gani? Kabati la milango mitatu peke yake huenda limeshalipa.