Jibu: Macho ya mama hayaumi, retina imeharibikaje?
Ndugu, umeuliza imekuwaje mama yako kule Masasi, mwenye kisukari, aambiwe retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeharibika ilhali macho hayamuumi. Ndivyo kisukari kilivyo: kinaharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho kimyakimya, inavuja, naye anaendelea kubangua korosho zake mpaka siku aone ukungu. Huku kwetu wengi hudhani ni mtoto wa jicho. Huyo anatolewa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Retina iliyokufa hairudi, na leza, yaani tiba ya mwanga mkali, kazi yake kubwa ni kuzuia uharibifu usiendelee. Apimwe macho kila mwaka kwa dawa ya kutanua mboni, na presha pia. Siku hiyo msindikize, ataona ukunguukungu saa kadhaa.