Nikifunga sola tu, cheti cha nyumba ya kijani napata?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Najenga nyumba ya vyumba vitatu, tumeshafika kwenye linta. Fundi wangu anasema nikifunga sola na taa za LED basi nyumba ishakuwa ya kijani na cheti napewa. Jamaa yangu mwingine anasema hapo nilipofika nishachelewa. Nimsikilize nani?

JIBU: Wote wamekosea, ila fundi kakosea zaidi. Sola sikatai, nzuri, lakini hakuna mkaguzi anayeangalia paa akakupa cheti akaondoka. Chukua EDGE, ule mfumo wa kutoa vyeti vya nyumba za kijani, yaani zinazobana nishati na maji, wa IFC (Shirika la Fedha la Kimataifa) iliyo chini ya Benki ya Dunia, masharti yake yanaeleweka haraka: nyumba iokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, 20 kwenye maji, na 20 kwenye vifaa vya ujenzi vyenyewe, maana simenti na tofali la kuchoma vimeshakula moto mwingi kabla hata havijafika saiti. Unalinganishwa na nyumba ya kawaida ya huko huko ulipo, na ni vyote vitatu, ukikosa kimoja umekosa. Sasa sola itakubeba kwenye nishati tu, kwenye maji haina msaada wowote. LEED, mfumo mwingine wa vyeti wa Marekani, wenyewe unaenda kwa pointi 110, ukifika 40 unapata cheti na ukifika 80 ni platinamu, ila nao una masharti ya lazima ambayo pointi hazifidii.

Kuhusu kuchelewa, kuna vilivyokupita kweli. Ukuta umesimama, nafasi za madirisha zishaachwa, kama kuna dirisha pana linatazama magharibi basi jua la saa kumi litaingia mpaka kitandani na utalipoza kwa kiyoyozi miaka yote (weka kivuli kwa nje, pazia la ndani halisaidii sana, joto lishaingia). Lakini paa bado, dari bado, bomba bado, na huko ndo kuna maksi nyingi. Paa la rangi nyeupe linarudisha jua, na pamba maalumu ya kuzuia joto juu ya dari inapunguza joto linaloshuka.

Maji jipime mwenyewe hapo unapoishi sasa: weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa, fungua mpaka mwisho dakika moja, ikifika nusu hiyo ni lita 10, wakati shawa za kubana maji zinatoa 6 mpaka 8 na unaoga vizuri tu.

Programu ya EDGE ya kupigia hesabu iko mtandaoni bure, ingiza vipimo vyako leo kabla hujanunua bati, ada utalipa ukijisajili kutafuta cheti. Na risiti usitupe hata moja, mkaguzi atazitaka, pamoja na picha zenye tarehe. Hapa wengi wanakwama, pamba wameweka kweli lakini jipsam imeshaifunika, mkaguzi ataionaje? Kwa hiyo huyo fundi mwambie asipige bodi hata moja ya dari kabla hujapanda na simu ukapiga picha.