Maswali ya Wasomaji: Sahani ya Wifi, Mkono wa Gauni na Tawi la Mvinje

Tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, barua zinazofika katika meza hii zimekuwa za sikukuu tupu. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo, na majina ya walioziandika nimeyaweka kando kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Muheza, na nimeolewa hapa Tanga mjini. Mume wangu naye ni Mkristo, lakini mama yake na ndugu wote wa upande huo ni Waislamu. Krismasi iliyopita walikuja kwangu, na wifi yangu mkubwa alikula ndizi na vipande vya embe tu, akisema ameshiba. Mwaka huu wanakuja tena na tutakuwa watu kama ishirini. Nipike nini ili wote wale kwa raha? — Mama wa watoto watatu, Makorora

Marahaba, mwanangu. Wifi yako hakuwa ameshiba. Alikuwa na swali ambalo adabu ilimzuia kuliuliza mbele ya wageni wako, nalo ni hili: kuku huyu amechinjwa na nani? Hukumjibu kwa kuwa hukujua kwamba ameuliza, naye akajiondokea na embe zake.

Chakula usikibadilishe. Pilau ndiyo sahani ya sikukuu katika pwani yetu, iwe Idi au Krismasi, na hakuna mgeni wa Tanga atakayeshangaa kuikuta. Shughulika kwanza na machinjo. Nyama ya ng'ombe unayonunua buchani hapa mjini kwa kawaida imechinjwa na Mwislamu, kwa hiyo haina maneno; shida huwa kwa kuku wa kienyeji na mbuzi wanaochinjwa uani alfajiri ya sikukuu na kijana yeyote aliyeonekana karibu na kisu. Mwombe shemeji yako mmoja aje akuchinjie, na umwombe wiki nzima kabla, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, si kwa kumtuma mtoto asubuhi ile. Akishachinja yeye, habari zitamfikia mama mkwe wako kabla ya harufu ya pilau, nawe hutalazimika kutangaza kitu wakati wa kula, jambo ambalo lingewatia haya wote waliopo.

Baada ya machinjo kuna vyombo. Ikiwa nyumbani kwako nyama ya nguruwe hupikwa mara kwa mara, na katika nyumba nyingi za Kikristo hupikwa bila kificho, basi kuosha sufuria peke yake hakumtulizi mgeni ambaye hakuona ikioshwa. Nenda kwa mama mkwe ukaazime sufuria yake kubwa, mwiko na upawa. Ombi hilo halikushushi hadhi. Mwanamke wa pwani akiombwa sufuria ya shughuli huwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wapishi, na sitashangaa akija nayo mwenyewe, akavuta kigoda na kuanza kumenya vitunguu. Bia na mnazi, kama wapo watakaotaka, vikae upande wao na bilauri zake, mbali na sinia za chakula.

Kuhusu vipimo, kilo tatu za mchele na kilo tatu za nyama huwatosha watu ishirini, lakini wewe pika kilo nne za mchele kwa sababu ya sahani za majirani, ambazo nitazieleza. Ichemshe nyama mapema kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na supu yake usiimwage. Vitunguu uvikaange polepole hadi viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, ukivigeuza bila kuondoka jikoni, kwa maana rangi ya pilau hutoka hapo wala haitoki kwenye viungo kama wengi wanavyodhani. Vikiungua, pilau yote itakuwa chungu na hakuna dawa. Ndipo uweke bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kisha nyama, kisha supu, na mwisho mchele uliokwisha kuroweka. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto wa chini, funika, na upalie makaa juu ya kifuniko. Wanaopikia gesi hunitazama kwa huruma ninaposema hivyo, lakini pilau isiyopaliwa hunikumbusha wali wa mgahawani.

Sahani za majirani zitoke kabla wageni hawajakaa kula. Kila nyumba iliyokuletea chakula wakati wa Idi ipelekewe yake, imefunikwa kwa kawa au kitambaa safi, na apeleke mtoto aliyeoga. Sahani hizo zitarudi siku nyingine zikiwa na kitu ndani, hata kama ni visheti viwili.

Hilo ulilolileta si jambo geni. Tangu wamisionari wa Kianglikana waanze kazi Magila, karibu na Muheza kwenu, katika karne ya 19, familia nyingi za Kibondei zimekuwa na Wakristo na Waislamu chini ya paa moja, na bibi zetu walipika kwa namna hiyo bila kuandikia gazeti. Mtihani mkubwa kuliko huu wako ulikuwa mwaka 1998, 1999 na 2000, ambapo Krismasi iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Nyumbani kwetu Wakristo walikula mchana kimya kimya, na chakula cha shangazi na wajomba kikapakuliwa magharibi, saa kumi na mbili na nusu na ushei, pamoja na tende na uji wa pilipili manga. Watoto wakala mara mbili. Kwa mwendo wa mwezi, hali hiyo itarudi karibu na mwaka 2031, kwa hiyo sufuria hiyo ya mama mkwe itunze.

Shangazi, kila mwaka nampelekea fundi vitambaa vya nguo za watoto za sikukuu, na kila mwaka tarehe 24 jioni naambiwa "njoo kesho". Nifanyeje? — Baba wa mapacha, Chumbageni

Pole, ndugu yangu, ingawa sina haki ya kujifanya mjuzi. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka saba alikwenda kanisani asubuhi ya Noeli na gauni la kitenge lenye mkono mmoja ulioshonwa na mwingine uliobanwa kwa pini nne, nami nikakaa ibada nzima nikimkataza kupiga makofi. Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa na mirundo ya vitambaa iliyofika hadi kwenye dari, na kitambaa changu kilikuwa kimeingia tarehe 18.

Fundi wa cherehani hushona kwa kufuata anayemsimamia. Kitambaa kifike kwake kabla ya Desemba kuanza, watoto wapimwe siku hiyo hiyo, na uwaachie upindo wa vidole viwili kwa sababu mapacha wako wataongezeka kimo kabla ya Pasaka. Mlipe nusu. Mwambie sikukuu yenu ni tarehe 15, kwamba kuna ubarikio au harusi ya ndugu ikiwa ipo kweli, na kama haipo mwambie tu kwamba nguo unazitaka tarehe 15. Sikushauri kudanganya, hasa katika Majilio. Siku ya tano pita dukani uulize kama vimekatwa. Kitambaa ambacho hakijakatwa kinaweza kuchukuliwa na kupelekwa kwingine, lakini kilichokatwa kimekwisha kuwa mali ya ratiba yake.

Watoto wangu wameona mti wa plastiki wenye taa dukani na wananisumbua. Mama yangu anasema zamani waliweka tawi la mvinje na lilitosha. Je, mti una maana yoyote katika imani, au ni urembo wa Wazungu? — Mwalimu, Raskazone

Mwalimu, mama yako ana hoja, na watoto nao wanayo. Desturi ya mti ilikua Ujerumani kabla ya kuenea duniani, nasi tuliokuwa chini ya utawala wa Wajerumani hadi Waingereza walipoiteka Tanga mwaka 1916 hatuna haja ya kuuliza ingeweza kufika kwa njia gani. Mti haumo katika Injili. Pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, lina ukoo ulio wazi zaidi: mwaka 1223 Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda katika kijiji cha Greccio, Italia, ili watu wauone umaskini wa kuzaliwa kwa Bwana kwa macho yao. Kama ningelazimika kuchagua kimoja, ningechagua pango, kwa sababu watoto wanaweza kulitengeneza kwa mikono yao kwa udongo wa mfinyanzi, makuti na boksi la viatu. Kondoo wao watafanana na paka. Waacheni hivyo hivyo. Hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, na mdogo kuliko wote ndiye amlaze Mtoto.

Tawi la mvinje lisikatwe ufukweni, kwani mivinje mingi ilipandwa pale izuie mchanga na upepo. Mwombe mwenye ua anayepogoa miti yake. Lichukuliwe tarehe 22 au 23, si mapema zaidi, maana likikaa wiki moja ndani huanza kukauka na kumwaga vijiti vyake sakafuni kila mlango unapofunguliwa na kaskazi ikaingia. Lisimikwe katika ndoo ya mchanga uliolowa, na mawe matatu mazito juu yake. Lipambwe kwa karatasi za rangi, pamba na kombe za baharini zilizotobolewa na kutiwa uzi. Mishumaa isikaribie kabisa.

Mke wangu ni mwenyeji wa Moshi na tumekubaliana kwenda kwao mwaka huu kwa mara ya kwanza pamoja na watoto. Nimesikia nauli hupanda na viti hukosekana. Tena, mtu wa Tanga anabeba zawadi gani? — Mkwe mgeni, Ngamiani

Nauli za mabasi ya mikoani zina ukomo uliopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na sikukuu haiuondoi. Anayekudai zaidi ya hapo mwombe tiketi yenye kiasi hicho, utaona atakavyobadilisha maneno. Uhaba wa viti ni wa kweli, kwa sababu Krismasi ndiyo wakati ambao Wachaga wa mikoa yote hurudi nyumbani, na mabasi mengi yanayopita Segera, kwenye njia panda ya kuja Tanga, kutoka Dar es Salaam huwa yamekwisha kujaa. Usikubali kushushwa Segera ukitumaini kudandia jingine na watoto. Kata tiketi ya gari linaloanzia stendi ya Kange, usafiri kabla ya tarehe 20 kama shule na kazi zinaruhusu, na muulize mke wako leo, si njiani, iwapo wazee wake wanatarajia mchango wa mbuzi au ng'ombe wa kuchinja, kwa sababu huko jambo hilo hupangwa na ndugu wote na mkwe asiyejua hesabu yake huonekana amejificha.

Zawadi usitafute dukani. Beba nazi, ambazo Moshi huzinunua kwa bei inayoumiza: kumi na tano au ishirini katika kiroba kimoja. Zifuliwe siku moja kabla ya safari, lakini mwambie anayezifua aache makumbi kidogo upande wa macho, la sivyo zitaanza kuharibika kabla ya Mwaka Mpya.