Jibu: Kwa nini picha zangu za mkononi zinachosha macho?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha za video ulizopiga kwa kamera iliyoshikwa mkononi kwenye mashindano ya punda hapa Lamu zinachosha macho, ilhali filamu za zamani za Wafaransa zinatikisika na bado zinavutia. Mtikisiko si kosa. Kosa ni kamera kutikisika bila kumfuata mtu.

Wale Wafaransa walisaidiwa na vifaa kwanza. Arriflex 35 ya Wajerumani ilitoka 1937, kisha Cameflex ya Ufaransa 1947, kamera nyepesi za kutoka nazo barabarani. Raoul Coutard, mpiga picha wa mwongozaji filamu Godard, aliishika Cameflex mitaani Paris, na alipotaka kusogea taratibu alikaa kwenye kiti cha magurudumu akasukumwa. Kila mwendo ulikuwa na sababu. Mwaka 1995 kundi la watengeneza filamu la Dogme 95 kule Denmark likaifanya kamera ya mkononi kuwa sharti.

Mimi nililielewa hili Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, nikimfuata punda aliyebeba mchanga. Mara ya kwanza nilikodolea kioo cha kamera tu, ikatoka ovyo. Mara ya pili nilikunja magoti kidogo, nikabana viwiko mbavuni, macho nikayatia kwenye sikio la punda. Aliposimama, nikasimama. Picha ilicheza, ndiyo, lakini ilicheza naye. Naipenda mpaka leo!

Usivute kwa zumu, maana hukuza kila mtetemo wa mkono. Tumia lenzi pana, inayoonyesha eneo kubwa, usogee wewe mwenyewe. Anza kijijini Shela jioni, mabaharia wakikunja tanga.