Mantiki nayo ithibitishwe?

SWALI: Katika kundi letu la mijadala hapa Ibanda, mwenzetu mmoja hutunyamazisha kila mara. Anasema kila dai linahitaji hoja, na hoja nayo hoja nyingine: ama haziishi, ama zinazunguka, ama unasimama unapojiamulia tu. Basi hatujui kitu, hata mantiki. Nikimwambia anatumia mantiki kuikana mantiki, anacheka. Nimjibu nini? — Msomaji, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, mtego huo unahusishwa na Agrippa, mwanafalsafa wa kale wa shaka, na umehifadhiwa katika maandishi ya Sextus Empiricus, mwenzake katika falsafa hiyo. Mwenzako ana haki ya kucheka. Jibu lako linampata anayetangaza kwamba hakuna kinachojulikana. Sextus hatangazi; anaazima kanuni zako uone zinakoishia. Hoja zake alizifananisha na dawa ya kuharisha, inayotoka pamoja na uchafu inaousukuma nje.

Andika hoja ya mwenzako ubaoni. Mstari wa kwanza: si kila kitu kinaweza kuthibitishwa. Wa pili: basi hatujui kitu. Kati ya mistari hiyo pamefichwa dai la tatu, kwamba tunajua tu kile tulichokithibitisha. Uzito wote umelala hapo! Akisema dai hilo ni lake, alithibitishe kwa masharti yake mwenyewe. Akisema ni lako, mjibu hukulikubali kamwe. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, naye alilikataa: kwake, kudai uthibitisho wa kila kitu ni kukosa elimu.

Atakujia pia kwa njia nyingine. Tuseme umemwambia: mvua ikinyesha, njia ya Kadutu huteleza; mvua imenyesha; basi inateleza. Atasema, "Thibitisha kwamba hilo linafuata." Usimwongezee mstari "kama hayo mawili ni kweli, basi inateleza", kwa sababu atadai mwingine wa kuuunganisha huo, na mwingine tena. Lewis Carroll, mwandishi na mwanamantiki Mwingereza, alilionyesha hilo mwaka 1895. Kanuni ya kufikiri hutumiwa. Ukiigeuza dai miongoni mwa madai, hufiki popote. Muulize badala yake: ukikubali yote mawili na kukataa hitimisho, ulikubali nini hasa uliposema "mvua ikinyesha"?

Haya hayathibitishi mantiki, na usijigambe kwamba yameithibitisha. Yanaonyesha tu kuwa kukosa uthibitisho peke yake hakumnyang'anyi mtu ujuzi. Shaka yenye faida hulenga kitu mahususi. Mwaka 1908 Brouwer, mwanahisabati Mholanzi, alitilia shaka kanuni moja, kwamba ama kauli ni kweli ama kanusho lake ni kweli, akaonyesha mahali ambapo haitegemeki: kwenye mikusanyiko isiyo na ukomo. Mwombe mwenzako naye ataje kanuni moja, na mahali inapokosea.