Uso wa mama unatoka mweupe kama karatasi: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo Sengerema. Kuna mama mwenye ualbino, ameshapasuliwa mara mbili kwa saratani ya ngozi, ana kovu kutoka chini ya sikio mpaka shavuni. Ameomba picha mbili: ya peke yake, na ya pamoja na wanawe watatu, ambao ni weusi. Ameniambia wazi kuwa ile ya peke yake ndiyo anayotaka ije iwekwe mbele ya jeneza lake, isiwe ile ya kitambulisho. Nilimpiga chini ya mwembe kwa flashi: uso umeungua kwa mwanga mwingi, macho amefumba, wanawe wametoka vizuri. Nikipunguza mwanga, wanawe wanapotea. Niweke kamera vipi? Na lile kovu nilifute?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepewa kazi nzito, na nimefurahi umeuliza kabla ya kuirudia.

Flashi izime kabisa. Ualbino ni upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya mwili, na melanini haipungui kwenye ngozi peke yake. Hata ile sehemu ya jicho yenye rangi inakuwa nayo kidogo, kwa hiyo haizuii mwanga inavyopaswa. Mama hakufumba macho kwa bahati mbaya, ulimuumiza. Tena flashi iliyokaa juu ya lenzi inagonga nyuma ya jicho na kurudi na wekundu, halafu watu wanaamini macho yake ni mekundu, kumbe ni ya bluu, ya kijivu au ya kahawia hafifu. Mwembe nao uache. Majani yanamwaga ukijani, na ngozi yake inaupokea wote. Hata ukuta wa chumbani ukiwa umepakwa rangi kali, utauona shavuni mwake.

Mpeleke kwenye chumba chenye dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, asubuhi, ili arudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Asilitazame dirisha; limjie kwa ubavuni. Kama amepaka mafuta ya kukinga jua, Kilisun ya Moshi au mengine, usimwambie ajifute ili asing'ae. Mpe leso akandamize paji la uso, inatosha.

Sasa kamera. Haijui inamtazama nani. Kipimo chake cha mwanga kinadhani vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Ilipokutana na nyuso tatu nyeusi, shina la mti na kivuli, ikaona giza, ikaongeza mwanga, mama akaungua. Ukimpiga peke yake kwa karibu, kosa linageuka: itaona weupe mwingi, itapunguza, naye atatoka wa kijivu kama mtu aliyekwishatutoka. Kwa picha hii hasa, hilo linaniogopesha kuliko kuungua. Kwa hiyo weka M, yaani upange mwanga mwenyewe, chagua kupima nukta moja ya katikati, pima shavu lisilo na kovu, kisha ongeza kama stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili) juu ya kile kipimo kinachosema. Piga ya majaribio, fungua histogramu ya rangi tatu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, usiishie kwenye ile ya jumla. Damu inaonekana chini ya ngozi yake, kwa hiyo nyekundu ndiyo inayofika ukingoni kwanza, huku histogramu ya jumla ikikuambia mambo shwari. Nyekundu ikigonga upande wa kulia, punguza theluthi ya stopu, urudie. Na upige RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Kuhusu wanawe: kati ya ngozi yao na ya mama panaweza kuwa na tofauti ya stopu mbili hivi. Usisubiri kuimaliza kwenye kompyuta, imalize kwa viti. Mwanga wa dirisha unapungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali nalo. Wanawe waketi karibu na dirisha, mama hatua moja zaidi ndani, na utandike shuka jeupe sakafuni mbele ya wanawe. Ngozi nyeusi haidai mwanga mkali kama wengi wanavyodhani. Inadai mwanga mpana, ung'ae juu yake na kuchora paji na mfupa wa shavu.

Kuna jambo ambalo huenda hukuliona. Watu wengi wenye ualbino macho yao yanachezacheza bila wao kutaka. Niliwahi kumpiga mzee mmoja, nikamnyoosha kidevu mara tatu, na kila mara macho yalizidi kukimbia. Mara ya nne nikamwacha. Kichwa kikainama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza jirani ukutani, na macho yakatulia. Binti yake aliyekuwa mlangoni akasema, "Hivyo ndivyo baba anavyotutazama." Wengi wao wana pembe yao ambayo macho hutulia. Mwache mama aitafute, kasi ya shata isipungue 1/250 ya sekunde, na uongee naye muda wote, maana huenda yeye haioni lenzi vizuri, ila sauti yako ataifuata. Mwambie afumbe, hesabu mpaka tatu, afumbue, piga.

Lile kovu usilifute kwa uamuzi wako. Muulize kabla hujashika kamera: "Mama, upande gani wa uso tuuweke kwenye mwanga?" Akigeuzia kovu dirishani, mwanga utaingia humo kwa ulaini na litatulia. Mwanga ukilipita kwa ubavu, litainuka na kuonekana kubwa kuliko lilivyo. Chunusi ya wiki hii ifute, haitakuwepo wiki ijayo. Kovu amelipata kwa kupigania uhai wake, na wajukuu watakaosimama mbele ya picha ile wanalijua kwa vidole vyao. Rick Guidotti, Mmarekani aliyekuwa mpiga picha wa mitindo, alianzisha shirika la Positive Exposure mwaka 1998, baada ya kuona vitabu vya tiba vinavyowaonyesha watu wenye ualbino kama ugonjwa tu. Tazama kazi zake kabla ya siku hiyo, uone jinsi watu wanavyocheka mbele ya kamera yake.

Anza na picha ya peke yake, kabla hajachoka. Ukipeleka kusafishwa, waambie wasiguse rangi. Mashine nyingi zinajisahihishia zenyewe na zitampaka wekundu au umanjano usio wake. Chagua karatasi isiyong'aa. Mama ataishika picha hiyo karibu kabisa na uso wake, upana wa kiganja, akiwa ameelekea penye mwanga, na karatasi inayong'aa itamrudishia dirisha machoni badala ya sura yake.