Usiutupe mtutu wa kale, utie bitana

Baba mkwe alinikabidhi bunduki ile ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi kuukuu, akaniambia ilikuwa ya babu yake. Ni Stevens Favorite, bunduki nyepesi ya risasi moja moja iliyotengenezwa Chicopee Falls, Massachusetts. Zilianza kutoka miaka ya 1890 na ziliuzwa kwa wingi mno, kwa hiyo huku Pennsylvania ninakoishi si ajabu kuikuta moja imeegemezwa nyuma ya mlango wa banda la shamba. Yangu ilikuwa ya .32 (upana wa risasi kwa inchi) ya ukingo, yaani zile risasi ambazo kiwashio chake kimo kwenye ukingo wa ganda, si katikati. Risasi hizo huzikuti tena dukani. Nami nilitaka mwanangu aende kuwinda kindi na bunduki ya wazee wa mama yake, si kuitazama tu ukutani.

Kama nawe umerithi ya aina hii, anza kwa kujua una nini mkononi. Usiyaamini maandishi yaliyo juu ya mtutu, maana miaka mia moja ni mingi na mafundi wamepita hapo. Fundi wangu aliyeyusha madini laini yanayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za Selsiasi, akayamimina kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, akangoja yagande, kisha akayasukuma nje kwa kijiti. Kikatoka kipande cha rangi ya fedha, kifupi kama kidole cha mtoto, kimenakili kila mkwaruzo wa ndani. Hapo ndipo nilipoona vishimo vya kutu nilivyokuwa sivioni kwa macho. Mdomoni mtutu uling'aa, kumbe ndani umeliwa.

Kisha linakuja swali la risasi gani, na hapa ndipo watu wanapoumia. Pale ninapofanyia shabaha, jamaa walinishauri niweke .22 Magnum, mwingine akataka .17. Niliwakatalia wote. Bunduki hizi nyingi ziliundwa enzi za baruti nyeusi, ambayo husukuma taratibu ikilinganishwa na baruti isiyo na moshi. Unapoweka risasi yenye nguvu zaidi, kinachobeba mzigo si mtutu peke yake. Ganda linarudi nyuma kwa nguvu na kukipiga kizibo, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, na kizibo chenyewe kimeshikwa na vijiti vidogo vya chuma vilivyolika kwa matumizi. Unaweza kununua mtutu mpya wa chuma bora kabisa, lakini kizibo na vijiti vyake vitabaki vilevile vya zamani, na uso wako uko sentimita chache nyuma yake.

Kanuni ni hiyohiyo kwa bunduki kubwa. Remington Rolling Block, nazo za risasi moja moja, zile za risasi nene za baruti nyeusi zinafanana sana na zile za baadaye zilizotengenezwa kwa 7 mm Mauser, risasi ya baruti isiyo na moshi, lakini usizichanganye. Hata Mauser ya 1871, ile ya risasi moja ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliingia nayo vitani Tanganyika mwaka 1914, moshi wake ukiwaumbua walikojificha, ni ya baruti nyeusi na ibaki hivyo.

Mimi nilichagua .22 ya kawaida, yaani .22 LR (Long Rifle), ambayo kwa taarifa yako ilizaliwa mwaka 1887 katika kampuni hiyohiyo ya Stevens. Nazo natumia zile za mwendo wa kawaida tu, zisizozidi mita 330 hivi kwa sekunde. Zile zinazotangazwa kwa kasi kubwa nawaachia wenye bunduki mpya.

Mtutu hatukuutupa. Ulitiwa bitana, kama koti: fundi aliupanua kwa ndani, akapitisha bomba jembamba la chuma kipya lenye mifereji yake ya kuizungusha risasi, akaligandisha. Kwa nje huoni kitu. Rangi ya kahawia ya zamani ipo, na maandishi ya kiwanda yapo.

Lakini fundi wa kwanza alisahau pini, kile kijiti kinachogonga ganda ili risasi iwake. Ukingo wa ganda la .32 una upana wa milimita 9.5 hivi, wa .22 ni 7 tu. Kila upande ukingo wa pili unapungua kwa zaidi ya milimita moja, kwa hiyo pini iliyopangwa kugonga wa kwanza inaangukia pembezoni kabisa mwa wa pili au nje yake. Nilifyatua mara tano, nikasikia "ta!" kavu mara tano. Nilipozitoa risasi nikakuta ukucha mdogo wa alama pembezoni kabisa, nyingine hazina alama yoyote. Ilibidi nimtafute fundi mwingine, aliyeziba tundu la pini kwenye kizibo na kulitoboa upya mahali pake, na kurekebisha kitoa ganda. Basi kabla hujalipa shilingi, muulize fundi wako: pini itagonga wapi? Akisitasita, chukua bunduki yako uondoke.

Upande wa sheria, usikisie. Sheria ya Marekani ya 1968 inaihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na Favorite ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya hapo. Tena kila jimbo lina lake. Uingereza, bunduki ya risasi zilizopitwa na wakati inayowekwa nyumbani kama pambo hupoteza msamaha wake ukiibadilisha iwe ya risasi za kisasa. Walioko Tanzania wenye gobore la babu, silaha na ufundi wake viko chini ya sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, kwa hiyo anzia polisi, si kwa mhunzi.

Jambo la mwisho tulilofanya ni kugonga herufi ndogo ".22 LR" chini ya mtutu, kwenye sehemu inayofunikwa na mbao, na kufunga kikaratasi cha namna hiyohiyo kwenye kifyatulio. Pini ya zamani na kile kipande cha rangi ya fedha vimo kwenye kopo, pamoja na maelezo ya kazi yote na aina ya risasi. Mwanangu anajua kopo liko wapi.